Kupunguza paini kwenye msitu wa halmashauri: kuanzia ramani hadi visiki

"Shikamoo kaka. Nina kitalu cha paini, hekta 24, kilipandwa 2014, hakijawahi kuguswa. Mkurugenzi anataka mapato, afisa mazingira anataka karatasi. Naanzia wapi?"

Simu hiyo niliipata mwezi uliopita, saa mbili usiku, kutoka kwa kijana aliyeajiriwa juzi tu kuwa afisa misitu kwenye halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini. Tuliongea mpaka dakika zake zikaisha, nikampigia mimi. Siku tatu baadaye nikapanda basi nikamfuata. Haya ndiyo tuliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule. Yanahusu kupunguza, yaani kukata baadhi ya miti ili inayobaki inenepe, kwenye miti ya kupandwa iliyo mali ya umma. Msitu wa asili una mambo yake.

Nachukulia kwamba mpango wa usimamizi wa msitu unao kabatini na umeidhinishwa. Kama haupo, anza na huo, maana bila mpango huna hoja mbele ya mtu yeyote.

Hatua ya 1: Ramani, na kijito kinachohama

Wengi huanza kwa kuhesabu miti. Mimi pia nilianza hivyo mwaka wangu wa pili kazini. Nilihesabu vizuri, nikapeleka idadi, ikapita kwenye vikao. Kisha nikaingia kitaluni na kopo la rangi, nikakuta kijito mahali ambapo ramani yangu ilionyesha paini tupu. Kwenye ramani kilikuwa mbali kaskazini, nje kabisa ya mpaka. Nilishinda karibu wiki mbili nikilaumu GPS, nikabadilisha betri, nikaazima nyingine, nikapata majibu yale yale.

Tatizo lilikuwa hili. Ramani zetu za karatasi za 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742, zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, uitwao Arc 1960. Simu na GPS husoma mfumo mwingine, WGS84, isipokuwa mtu abadilishe mpangilio wake. Kwa huku kwetu namba za mifumo hiyo miwili zinapishana karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Ukisoma gridi ya ramani ya zamani halafu ukaiambia kompyuta kwamba hizo ni WGS84, mito yote, barabara zote na makanisa yote yanasogea kaskazini. Picha inatoka safi, hakuna ujumbe wa kosa, na kikao kitaipitisha.

Sasa kumbuka kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: mita 60 kutoka ukingo wa mto hupaswi kufanya shughuli ya kudumu wala yoyote inayoweza kuudhuru. Ramani iliyokosea mita 300 inachekesha mbele ya sheria ya mita 60.

Fanya hivi, na usiruke hata kimoja:

Soma pambizo la chini la ramani ya karatasi. Pameandikwa mfumo na kanda. Magharibi ya longitudo 36 (Mafinga, Makambako, Njombe) ni kanda ya 36 kusini. Ukivuka kwenda mashariki, Morogoro kwa mfano, ni ya 37. Wenzetu wanaofanya kazi karibu na mstari huo wanajua maumivu yake.

Ukiingiza ramani iliyoskaniwa kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, ibane kwenye makutano ya gridi, angalau sita hata kama programu itakubali manne, na uchague EPSG:21036, ambayo ndiyo Arc 1960 kanda ya 36 kusini. Data za GPS zako ni EPSG:32736, yaani WGS84 kanda ile ile. QGIS ikikuuliza itumie ubadilishaji upi kati ya mifumo hiyo, chagua uliotajwa kwa ajili ya Tanzania.

Hapa ndipo watu wanapozama: amri ya "Set Layer CRS" haibadilishi namba hata moja. Inabandika lebo tu, kama kuandika "sukari" kwenye kopo la chumvi. Ukitaka namba zenyewe zibadilike, hifadhi tabaka upya kwa "Save Features As" na uchague mfumo mpya hapo. Kijana wangu alirithi faili la mito kutoka kwa aliyemtangulia. Namba zilikuwa za Arc 1960, lebo ikasema 32736. Aliyelibandika alidhani amelibadilisha.

Usiliamini faili lolote la kurithi mpaka ulipime. Tulichukua pikipiki mpaka kwenye kalavati ambapo kijito kinapita chini ya barabara, mahali panapoonekana wazi kwenye ramani, tukasimama katikati yake na simu mkononi. Kompyuta ilisema kalavati liko mita mia tatu na kitu kaskazini yetu, na kidogo magharibi. Tulipolitazama tulikuwa tumelikanyaga. Ukipata tofauti ya namna hiyo, usitafute mchawi, ni Arc 1960. Ukipata tofauti ya mita kumi au kumi na tano, hiyo ni GPS tu na maisha yaendelee.

Ramani ikishatulia, nenda ukaupime ukingo kwa miguu. Mita 60 zinaanzia ukingoni, maji yanapofika yakijaa, wala si katikati ya mkondo. Chini ya paini zilizobanana GPS inarukaruka, kwa hiyo mimi natumia utepe, na sitabishana na mtu. Kwenye mteremko vuta utepe ukiwa sawia kama maji kwenye sahani, vipande vya mita kumi kumi. Ukiulaza juu ya ardhi utajipunja. Weka vigingi kila baada ya mita 25 na vipakwe rangi nyeupe, rangi ambayo hutaitumia kwa kitu kingine chochote.

Kuna swali la paini zilizopandwa zamani mpaka ndani ya maji kabisa. Zipo, na wanunuzi wanazitamani kwa sababu zimenenepa. Usiziweke kwenye mauzo haya. Kama mnataka kuziondoa ili uoto wa asili urudi, ufanyeni kuwa mradi wake, muandikie bodi ya maji ya bonde lenu (sisi ni Rufiji, ofisi iko Iringa), na trekta lisisogee huko.

Kitalu cha kijana kina upana wa mita 500 na kina cha mita 480, kijito kikifuata mpaka wa kaskazini wote. Mita 60 mara 500 ni hekta 3. Kwa hiyo hekta 24 za kwenye faili ni hekta 21 za kazi. Hatujagusa mti bado.

Hatua ya 2: Kuhesabu

Huhesabu miti yote, unahesabu maduara ya sampuli. Duara la nusu kipenyo mita 11.28 linakupa mita za mraba 400, yaani sehemu ya 25 ya hekta. Miti iliyomo zidisha kwa 25. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 11.28 za ramani ni mita 12 juu ya ardhi, kwa hiyo beba klinomita, kile kifaa cha kupimia mteremko.

Tulipiga maduara kumi, tukiyapanga kwenye ramani kabla ya kuingia ili tusivutwe na miti mizuri. Wastani ulikuwa miti 38 kwa duara, sawa na 950 kwa hekta. Ilipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ambayo ni 1,111, kwa hiyo iliyokufa si mingi. Jedwali la mpango wao linataka ibaki 650 baada ya upunguzaji wa kwanza. Hiyo ni 26 kwa duara, 12 inaondoka. Miti 300 kwa hekta, mara 21, ni 6,300. Kwa faili la zamani ingekuwa 7,200.

Vipenyo pima usawa wa kifua, mita 1.3, upande wa juu wa mteremko. Mengine unayajua.

Hatua ya 3: Kijiji, kabla ya karatasi

Wengi hufanya hili mwishoni kwa ajili ya saini. Mimi nalifanya mapema kwa sababu wenyeji wanajua vitu ambavyo ramani haina.

Mkutano ulikuwa na wanaume wengi, wakauliza maswali ya ajira na kuni. Maswali ya haki. Lakini wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni zenye unyevu, ni kina mama, na siku ya mkutano walikuwa bondeni. Kesho yake asubuhi tukashuka huko. Tukasalimia kwa salamu ya huku, "Kamwene," tukaitikiwa, tukakaa kwenye tuta. Mama mmoja alikuwa anavuna maharage mabichi, akasikiliza, akauliza: "Na kile kisima chetu mtakifanyaje?" Kisima kipi? Akafunga kanga vizuri, akatupandisha ndani ya paini dakika ishirini. Chini ya mti wa asili uliosalimika kati ya mistari palikuwa na chemchemi, imezungushiwa mawe, kata ya plastiki imening'inizwa kwenye tawi. Haikuwepo kwenye ramani yoyote, Arc wala WGS.

Tukaipa nayo duara la nusu kipenyo mita 60. Ni hekta 1.13. Tukabaki na karibu hekta 19.9 na miti 5,970. Kijana alishika kichwa, maana mkurugenzi alishaahidiwa namba. Nikamwambia ni afadhali ashike kichwa sasa.

Uliza pia makaburi na sehemu za matambiko. Na jambo moja la busara: baadhi ya vinyungu vyenyewe vimo ndani ya mita 60. Usigeuke askari siku hiyo. Umekuja kwa jambo la miti.

Chukua muhtasari wenye mhuri wa mtendaji, pamoja na orodha ya mahudhurio yenye saini. Bila orodha, watakuambia hukwenda.

Hatua ya 4: Karatasi za mazingira

Usijiamulie mwenyewe kwamba "kupunguza ni matunzo tu, hakuhitaji tathmini." Huenda ni kweli kwa kitalu chako, lakini anayesema ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005, zilivyorekebishwa 2018, zinapanga miradi kwenye makundi: A inafanyiwa tathmini kamili, B1 iko katikati, B2 ni nyepesi, na lipo kundi maalumu. Unasajili mradi kwa maelezo mafupi, wanakuambia kundi lako, nawe unalitunza jibu hilo la maandishi kama cheti cha ndoa.

Maelezo mafupi yawe mafupi kweli: eneo na ramani yenye mfumo wake umetajwa, idadi ya miti, njia ya kuvuna, mito na chemchemi na umbali wake, muhtasari wa kijiji, na jedwali la nani atazuia madhara gani lini na kwa fedha ipi. Ukishafanya hatua tatu za kwanza, hii ni kazi ya siku mbili.

Ikibidi tathmini kamili, lazima ifanywe na mtaalamu aliyesajiliwa. Mpeleke kitaluni kwa miguu yake. Niliwahi kuletewa rasimu ya shamba la nyanda za juu iliyotaja ulinzi wa mikoko. Mikoko na baridi ya Mufindi wapi na wapi?

Hatua ya 5: Rangi

Weka alama kwenye miti inayoondoka, sehemu mbili: usawa wa kifua ili mkata miti aione, na chini kabisa shinani upande wa bondeni ili ibaki kwenye kisiki. Alama ya chini ndiyo ushahidi wako. Usichonge gome kwa panga. Ukibadilisha mawazo, mti umeshajeruhiwa.

Zinaondoka zilizodumaa, zilizopinda, zenye uma, zilizobanduliwa gome na nyani. Mnunuzi atatembea nyuma yako akisifia miti minene. Msalimie. Ukitoa minene sasa unabaki na shamba la fito, na mauzo ya mwisho ndiyo yenye fedha. Upunguzaji wa kwanza ni mirunda, kuni na mbao nyembamba, na mkurugenzi aambiwe hivyo mapema.

Simama ukitazama juu kila baada ya miti kumi. Unatafuta nafasi kati ya vilele, mashina yatakudanganya.

Hatua ya 6: Kuvuna

Kiangazi, Juni hadi Oktoba. Barabara zikilowa usiruhusu trekta, hata wakilia. Magogo yasilale, paini hupata upesi doa la bluu linaloletwa na kuvu. Matawi yasirundikwe kwenye njia za kukinga moto.

Hatua ya 7: Visiki

Rudi kwenye maduara yale yale kumi kabla ya kumfungia mnunuzi hesabu. Ng'oa majani, hesabu visiki, tafuta rangi shinani. Tulipoanza na duara la kwanza la kijana, kwenye sehemu ndogo ya majaribio, visiki vilikuwa 13 na rangi iko kwenye 12. Cha kumi na tatu kilikuwa kinene kuliko vyote, kimefunikwa na matawi mabichi yaliyopangwa vizuri mno. Alinitazama. Nikampa kalamu, akaandika kipenyo chake kwenye daftari, na karatasi ya kuruhusu mzigo utoke ikabaki mfukoni mwake bila saini.