Kupunguza Matumizi ya Simu ili Kazi za Viporo Ziishe

Anayeahirisha kazi huitwa mvivu, na baada ya muda yeye mwenyewe huamini hivyo, ingawa tabia hizi mbili hazifanani sana. Mvivu hupumzika, lakini anayeahirisha hapumziki: kazi inamkera moyoni, anaikwepa, na wakati anaikwepa anajishughulisha na jambo jingine huku akijua fika kwamba saa zinakwenda. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni njia ya kutuliza hisia za papo hapo, yaani mtu huiweka kando kazi inayomtia hofu, uchovu au aibu ili apate nafuu ya muda mfupi, kisha gharama yake hulipwa baadaye. Siku hizi nafuu hiyo iko mfukoni, na haina kikomo. Zamani gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Tangu Aza Raskin alipobuni mwaka 2006 ukurasa unaoendelea kushuka kila unapousogeza kwa kidole, msomaji hafikishwi tena mahali pa kusimama na kujiuliza kama ametosheka.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kumaliza viporo vyake hana haja ya kuanza kwa kiapo cha kuacha simu siku nzima, kiapo ambacho kwa kawaida hakifiki adhuhuri. Sehemu ya siku inayohitaji ulinzi ni ndogo zaidi, nayo ni zile dakika za kuanza kazi pamoja na saa moja au mbili zinazofuata.

Kwanza, chunguza ni lini hasa unaikimbilia simu. Simu nyingi za Android zina Digital Wellbeing katika mipangilio, na iPhone zina Screen Time. Zote mbili huonyesha muda uliotumia katika kila programu na mara ngapi umeishika au umeifungua simu. Jumla ya saa haitakusaidia sana zaidi ya kukutia fadhaa. Kinachofaa ni kuangalia matumizi yalipanda wakati gani, kisha kuandika kwenye karatasi ulikuwa karibu kufanya nini wakati huo. Baada ya siku chache utaona kwamba kazi zinazokukimbiza hazizidi mbili au tatu, na mara nyingi ni zilezile: maoni ya msimamizi wa tasnifu, hesabu za duka, barua ya kumweleza mtu jambo asilopenda kulisikia.

Chukua mfano wa fundi cherehani wakati sikukuu ya Idd inakaribia. Amekwisha kata kitambaa cha gauni, amebakiwa na shingo yenye marinda ambayo hajawahi kushona, na anaogopa kukiharibu kitambaa cha watu. Picha ya mshono ilitumwa na mteja kwa WhatsApp, kwa hiyo anafungua simu aitazame shingo vizuri. Juu ya picha hiyo kuna ujumbe wa kamati ya harusi ya binamu yake, chini yake kuna mteja mwingine anayeuliza bei, na pembeni kuna status mpya za watu kumi. Anapoinua kichwa, chai yake imepoa na shingo ya gauni iko palepale. Jioni mteja anapofika, anaambiwa aje kesho, na sisi wateja husema mafundi ni waongo, ilhali fundi huyu hakukusudia kumdanganya mtu.

Ushauri wa kuifungia simu kabatini haumfai fundi huyu, kwa kuwa simu ni chombo chake cha kazi. Linalomfaa ni kuichota kazi kutoka ndani ya simu kabla ya kuanza. Asubuhi, kabla hajakalia cherehani, auchore mshono katika daftari la vipimo, aandike pembeni mambo ambayo mteja ameyasisitiza, au aende stationery ya jirani achapishiwe picha yenyewe. Baada ya hapo hana sababu ya kuifungua WhatsApp mpaka shingo ikamilike. Mwanafunzi naye apakue makala zote anazozihitaji usiku uliotangulia, na karani aandike mapema namba na majina atakayoyatumia.

Hatua inayofuata ni kuzima data. Nashangaa kwamba hatua hii haitajwi mara nyingi, maana katika mazingira yetu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Data ikizimwa, simu huendelea kupokea miito na ujumbe mfupi, na fedha za simu hazisimami: M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, hutumika hata leo bila intaneti, kwa menyu ya laini au kwa kupiga namba za nyota na reli, kutegemea nchi na mtandao. Shule ya mtoto itakupata, mgonjwa wa nyumbani atakupata, na mteja atakulipa. Kisingizio kwamba utapitwa na jambo la dharura kinakwisha, mradi watu wako wamearifiwa. Waandikie mara moja, kwa adabu: "Ndugu zangu, kila siku kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi data yangu huwa nimezima kwa sababu ya kazi. Mwenye jambo la haraka tafadhali anipigie."

Ukiweza, iweke simu mbali na macho. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walioacha simu zao chumba kingine walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kumbukumbu na ya kufikiri kuliko walioziweka mezani, hata zikiwa kimya. Tafiti zilizofuata hazikutoa matokeo yaleyale kila mara, lakini kujaribu hakugharimu chochote. Wapo wanaohamishia laini yao kwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kwa saa za kazi, na huo ni utaratibu mzuri kwa yeyote ambaye mkono wake hurudisha data kabla akili haijapata habari.

Kuna mtego wa bando. Kifurushi cha siku kinachokaribia kuisha muda wake humfanya mtu atazame video asizozihitaji ili fedha yake isipotee, na mara nyingi huo ndio usiku ambao kazi ya kesho ilipaswa kuandaliwa. Nunua cha wiki au cha mwezi kama mfuko unaruhusu, au kisicho na ukomo wa muda pale kinapopatikana. Safaricom ya Kenya, kwa mfano, ilianza kuviuza mwaka 2019. Kiasi cha fedha kilichopotea kwenye bando ni kidogo kuliko thamani ya usingizi.

Wanaofanya kazi kwa kompyuta wakumbuke kwamba WhatsApp iliyounganishwa kwenye kivinjari huendelea kupokea ujumbe hata simu ikiwa imezimwa, kwa hiyo nayo ifungwe. Kwa upande mwingine, wengi wetu huipa kompyuta intaneti kutoka kwenye simu, na data ikikatwa kompyuta pia inabaki bila mtandao. Kwa mtu anayeandika, hiyo ni bahati.

Hata hivyo, kuondoa simu peke yake hakutoshi. Aliyenyang'anywa simu lakini bado anaiogopa kazi atafagia uwanja, ataosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, atakwenda sokoni kununua vitunguu. Hofu hupungua pale ambapo hatua ya kwanza ni ndogo na imetajwa waziwazi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu manufaa ya kupanga mapema kwamba jambo fulani likitokea, mtu atafanya kitendo fulani. "Kesho nitashughulikia sura ya pili" ni ahadi tupu. Afadhali useme: "Nikimaliza chai ya asubuhi, nitazima data, nitafungua maoni ya msimamizi, na nitajibu lile la kwanza tu, linalohusu idadi ya wahojiwa." Hatua hiyo iandikwe usiku, kwenye kipande cha karatasi, na kiwekwe juu ya kompyuta au cherehani.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, sishauri mtu ajitoe. Kujitoa katika kundi la ukoo, la msiba au la kikoba kuna maana yake kwa wazee, na suluhu yake itakula muda mwingi kuliko ujumbe wenyewe. Yanyamazishe, uyahifadhi kwenye kumbukumbu ili yasikae juu ya orodha, kisha uyasome kwa pamoja jioni. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, unaweza pia kuzima alama za buluu katika mipangilio ya faragha, ili atakayejibiwa saa nne baadaye asidhani amedharauliwa.

Programu za kujiwekea kikomo cha dakika nazihesabu kuwa msaada dhaifu, kwa kuwa kikomo kikifika, mwenye funguo ni wewe mwenyewe na kukiruka ni kugusa kioo mara moja. Ukiona saa mbili zinakushinda, zipunguze ziwe nusu saa lakini usibadilishe wakati wa kuanza. Muda ukitimia, washa data, wajibu waliokutafuta, tazama hata hizo status kama unazipenda, kisha kabla ya kulala andika karatasi ya kesho na upakue kitakachohitajika.