Namna ya kuandika historia ya mtaa wenu wa ziwani wazee wakiwa bado wapo (mfano ni kwetu Ujiji)

Watu wakisikia Ujiji, mji wetu kando ya ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, wanaruka moja kwa moja mpaka kwa Livingstone na Stanley, 1871, chini ya mwembe, basi hadithi imeisha. Mi nimezaliwa hapa na nasema hivi, kama unataka kuandika historia ya mtaa usianze na wazungu wawili waliosalimiana, anza na wale waliokuwa wamesimama pembeni wanawaangalia. Mji ulikuwepo, soko lilikuwepo, wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta watu wananunua na kuuza kwa shanga zinaitwa sofi kama sisi tunavyotoa noti leo. Hao wa sokoni ndo babu na bibi zetu na hao ndo hawajaandikwa, kwa hiyo kazi ni yetu.

Haya, unaanzaje. Siku ya kwanza shuka ziwani bila daftari, tembea tu uangalie maji yako wapi, maana mtaa wa ziwani unahama na maji yake. Hili wageni hawalijui, wanafika kwenye mnara wa Livingstone wanashangaa mbona ziwa liko kule chini. Stanley mwenyewe aliporudi Ujiji 1876 alikuta michikichi iliyokuwa sokoni miaka mitano nyuma sasa imesimama ndani ya maji, halafu kama miaka miwili baadae ziwa likapata njia ya kutokea mto Lukuga upande wa Kongo likaanza kushuka, likashuka mita nyingi tu. Miaka ya mwanzo ya uhuru likapanda tena na mvua zile kubwa, na hata juzi hapa 2020 na 2021 wenyewe tumeona maji yanaingia Kibirizi, mwalo wa Kigoma boti zinakofikia, watu wanahamisha vitu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mzee yeyote liwe moja tu, "babu, maji yalifika wapi?" Nakwambia hakuna mzee wa pwani ya ziwa Tanganyika asiyekuwa na jibu la swali hilo. Mimi mzee mmoja alinyanyuka pale barazani, akashika fimbo yake tukatembea mpaka nyuma ya nyumba ya jirani, akachora mstari kwenye mchanga akasema hapa ndo tulikuwa tunafungia mtumbwi wa baba, na kutoka mstari ule mpaka ziwani kuna nyumba tatu na choo. Kutokea hapo hakunyamaza, akataja nani alikuwa na mtumbwi, nani alikuwa anauza mawese, nani alioa kwa nani, mi naandika tu.

Usimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani", utamchanganya na atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize ilikuwa kabla au baada ya kitu anachokikumbuka: uhuru, vita ya Kagera, mwaka wakimbizi wa Kongo walipovuka ziwa kwa wingi 1996. We mwenyewe ukirudi nyumbani ndo unapiga hesabu.

Wakati wa kwenda nao una ujuzi wake. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku kwa taa, zamani karabai sa hizi taa za sola, na mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa kwa hiyo watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Hizo ndo siku zako. Ukienda siku za giza zisizo na mbalamwezi utamkuta mtu amelala mchana kutwa na ukimwamsha hutapata historia utapata matusi. Pia ziwa likifungwa, kama 2024 lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, vijiwe vimejaa na watu wana muda, ila ujue mfukoni hawana kitu, usiende mikono mitupu, beba hata sukari nusu kilo na majani ya chai.

Kina mama usiwafuate barazani, wafuate kwenye kazi yao asubuhi mwaloni wakati dagaa wameshuka. Na usisimame kama bwana shamba, inama ushike dagaa uanike nao. Bibi mmoja alinifundisha kwamba unawarusha kwa kiganja wazi wasambae wasipandane, wakipandana wa chini hawakauki wananuka, na macho yake muda wote yako kwenye mawingu ya upande wa Kongo maana mvua ikija toka kule mna dakika chache tu. Huku anaanika huku ananisimulia mama yake alivyokuwa anapanga dagaa kwenye magunia kupeleka stesheni Kigoma, na mimi pale ndo nikaelewa reli kwa mara ya kwanza. Shuleni tulisoma reli ya kati ilifika Kigoma 1914 basi, ila kwa bibi yule reli ndo kitu kilichofanya ghuba ya Kigoma inenepe na Ujiji ipungue, meli zikatia nanga kule, ofisi zikaenda kule, sisi tukabaki na miembe na misikiti. Meli ya Liemba nayo ina hadithi yake ndefu, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 Waingereza wakaiopoa 1924, ila hiyo imeandikwa sana, we tafuta mtu aliyeipanda akiwa mtoto na muulize alikula nini njiani.

Sasa sehemu ngumu, na naomba hapa tuelewane. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, pembe za ndovu zilipita hapa na watu walipita hapa wamefungwa. Wengi wetu hapa ni Wamanyema, asili yetu ng'ambo Kongo, wapo waliokuja kama wafanyabiashara, wapo waliokuja kama wapagazi, wapo walioletwa bila kupenda. Usikae mbele ya mzee wa watu ukamuuliza kama babu yake alikuwa mtumwa, hiyo ni kumvua nguo mbele ya wajukuu zake. Uliza "safari ya kwenu ilianzia wapi?" af nyamaza. Akitaka kusema atasema, akigeuza mazungumzo na wewe geuka naye, rudi wiki nyingine. Na akikwambia hili usiandike, usiandike, hata kama ndo tamu kuliko yote.

Kuhusu kurekodi, simu yoyote inatosha ila omba ruhusa kwanza na iweke mezani aione, usimrekodi mtu kwa siri. Mwanzo wa kila rekodi taja tarehe, mtaa na jina la anayeongea kama amekubali. Na usiku huohuo tuma kopi kwa mtu mwingine unayemwamini. Nasema kwa uchungu kwa sababu simu yangu ilidondoka majini Kibirizi nikiwa nashuka kwenye boti, na ndani yake kulikuwa na wazee wanne, wawili wao kwa sasa wako makaburini na sauti zao ziko chini ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Tangu siku ile silali kabla sijatuma kopi.

Ukishaandika, usiharakishe kuchapisha, rudi kwa waliokusimulia uwasomee kwa sauti, taratibu, na wajukuu wakiwepo. Mi niliporudi kwa yule bibi wa dagaa nikamsomea kurasa mbili, alikuwa kimya muda wote anatoa mawe kwenye maharage, nilipofika kwenye mwembe wa kwao akanyanyua mkono. "Mwanangu hapo umekosea, ule mwembe ulikuwa kushoto ukitoka msikitini, kulia kulikuwa na kisima." Nikakata, nikaandika kushoto, kisha nikamuuliza habari za kisima.