Mgongo wa mfarishi kwa mabaki ya fundi cherehani

Mfarishi, yaani kifuniko kinene cha kitanda, una matabaka matatu: uso wa viraka, tabaka la joto katikati, na mgongo. Wengi huushona uso kwa hamu kubwa, halafu wanagundua kuwa mgongo unadai karibu mita tano za kitambaa kizima, na kazi inaishia kabatini. Mfuko wa mabaki ulio chini ya cherehani unaweza kuziba pengo hilo, ila kwa sharti moja. Mabaki yatumike kupanua kitambaa kimoja kikubwa, yasilazimishwe kuwa mgongo mzima. Mgongo wa viraka vidogo mia mbili una mishono mingi kiasi kwamba sindano ya mkono inagoma, hukauka polepole ukifuliwa, na hujikunja kwa siri wakati wewe unatazama uso.

Hesabu kabla ya mkasi

Tuchukue kitanda cha futi 5 kwa 6. Godoro lake ni kama sm 152 kwa 183, na uso wa mfarishi unaoning'inia kidogo pembeni hufika sm 200 kwa 210. Mgongo uzidi uso kwa sm 10 kila upande, yaani uwe sm 220 kwa 230. Usiione ziada hiyo kuwa ni hasara. Matabaka matatu yakishonwa pamoja, mgongo hujivuta kuelekea katikati, na asiyeacha ziada hujikuta na pembe moja isiyofunikwa.

Kitenge kina upana wa sm 115 hivi. Ukiondoa kingo zote mbili za kiwandani unabaki na 112. Ukitumia kitenge kitupu utahitaji vipande viwili vya sm 230, jumla sm 460, ambazo ni zaidi kidogo ya yadi 5. Kwa hiyo kitenge cha yadi 6 kinakaribia kwisha chote. Ukitumia mabaki, unahitaji kipande kimoja tu cha sm 230. Kikate kwa urefu sehemu mbili zisizolingana, moja ya sm 72 na nyingine ya sm 40, kisha katikati yake uingize paneli ya mabaki yenye upana wa sm 112. Kuna mishono miwili, na kila mmoja unakula sm 2, kwa hiyo: 72 + 112 + 40 − 4 = 220.

Paneli ya sm 112 kwa 230 ni sawa na vipande 51 hivi vya sm 20 kwa 30, mishono ikiwa imeshahesabiwa. Uzito wa vipande hivyo haufiki nusu kilo, lakini mabaki ya fundi huja na mikato ya kwapa, pembetatu na vijiti visivyofaa kitu. Chukua kilo moja na nusu ndipo uchague.

Mwenye doti ya khanga ana njia nyingine. Kila khanga ni kama sm 150 kwa 110, na ukinyoosha kingo unabaki na 148 kwa 108. Ziweke moja juu ya nyingine, pande ndefu zikitazamana, na kati yake uweke mkanda wa mabaki wa sm 18: 108 + 18 + 108 − 4 = 230. Upana utakaobaki uujaze kwa paneli ya mabaki ya sm 74 kwa 230 upande mmoja. Majina ya khanga zote mbili yasomeke kuelekea upande uleule. Na kama mfarishi ni zawadi, lisome jina kabla ya kushona. Fumbo la kumchoma jirani halimfai bibi harusi. Khanga iliyokwisha kutumika iinue kwenye mwanga kwanza. Sehemu iliyokuwa ikifungwa kifuani mara nyingi imelegea nyuzi, na hiyo ikatwe.

Kuchambua na kufua

Tafuta pamba tupu, za uzito unaokaribiana. Kipande usichokiamini kipime kwa moto: chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo ndogo juu ya sahani yenye maji, uuwashe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Ukizichanganya, pasi inayoitosha pamba itaiunguza polista, na baada ya kufua pamba itarudi huku polista ikibaki ilivyo, hivyo mgongo utakuwa na makunyanzi ambayo pasi haiyaondoi. Jezi, satini, lesi na jinzi zitafutie kazi nyingine.

Kila kipande kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mpaka ule ugumu wa dukani uishe. Kata ncha za pembe kidogo ili zisichomoke nyuzi, na vipande vidogo uvitie ndani ya foronya iliyofungwa, la sivyo vitatoka vimesokotana kama kamba. Nyekundu, buluu iliyokoza na nyeusi zijaribiwe peke yake. Lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikiacha doa, fua tena na tena. Kisipoacha kuchuja, kitupe. Chumvi na siki hazitaokoa kitambaa cha kiwandani kinachochuja, hata kama kila mtaa una mtu anayeapa kuwa zinaokoa.

Anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Pasi iinuliwe na kushushwa, isiburutwe, kwa kuwa kuburuta hunyoosha kipande kwa mshazari na pembe zake hazitakuwa mraba tena. Kwa pasi ya mkaa, weka kitambaa cha akiba juu ya kazi kuzuia majivu.

Kunyoosha vipande

Kingo za kiwandani, zile zilizofumwa kwa kubana na mara nyingi kuandikwa jina la kitambaa, zikatwe sm 1.5. Hurudi tofauti na kitambaa kingine na huacha mshono umefinywa. Ili kujua uzi unaendaje, toboa kwa mkasi na uchane: pamba huchanika ikifuata uzi wake. Kisha kata nusu sentimita ya ukingo uliochanika, maana umeshavutika. Usishangae maua ya kitenge yakionekana yamekwenda upande. Chapa haifuati uzi kila mara, na kwenye mgongo fuata uzi, uyaache maua.

Kipande chenye upande ulio chini ya sm 10 kirudishe mfukoni. Kwenye uso kitapata nafasi, kwenye mgongo kinaongeza mishono tu.

Kuijenga paneli

Hakuna ramani hapa, ila kuna kanuni: kila mshono uwe mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Ukijikuta unataka kushona pembe inayoingia ndani, umekosea mpangilio. Rudi nyuma hatua moja.

Gawa vipande katika mafungu matatu kwa upana, sm 20, 30 na 40, huku kila kipande ukikikata kishuke hadi fungu lililo karibu. Unganisha vya upana mmoja mwisho kwa mwisho mpaka vifike sm 112. Cha mwisho kikizidi, kata. Kikipungua, usinunue kitu: ongeza kipande kingine na ukate kinachozidi. Hiyo ndiyo mikanda. Ukishaipata yote, ipange sakafuni kabla ya kuiunganisha, mipana na myembamba ikipishana, na uhakikishe mishono ya mkanda mmoja haiangukii juu ya mishono ya jirani yake. Pale mishono minne inapokutana panakuwa na kifundo, na hapo ndipo sindano huvunjika. Mikanda yenye vipande vikubwa kuliko vyote iwekwe juu kabisa na chini kabisa ya paneli. Sababu utaiona mwishoni.

Hesabu urefu pamoja na mishono. Mikanda minane, mathalani mitatu ya sm 40, minne ya 30 na mmoja wa 20, ni sm 260. Mishono saba inakula sm 14, inabaki 246, nawe unahitaji 230. Ziada ya sm 16 inatosha kunyoosha ncha zote mbili.

Mshono wa mgongo uwe sm 1, si milimita 6 kama wa uso, na ulazwe wazi kwa pasi, nusu huku na nusu huku. Mgongo ndio unaovutwa mtu anapojigeuza kitandani, na mshono mwembamba hufumuka. Tumia sindano namba 14 na hatua ya milimita 2 hadi 2.5. Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa, kwa kuwa kazi yote ni mshono ulionyooka.

Kipande kilichokatwa kwa mshazari, kama vile kile cha ubavu wa sketi, hutanuka kwa kuguswa. Kikilazimika kutumika, kiwekwe chini wakati wa kushona, upande wa meno ya cherehani, kwa kuwa meno hula ulegevu wa kitambaa cha chini. Kikiwa juu, mguu wa cherehani hukisukuma mbele na mwishoni unabaki na ulimi unaoning'inia. Wanga mwepesi kabla ya kukata husaidia pia. Upande wa mshazari usiwe ukingo wa nje wa mgongo kwa vyovyote.

Jamii ya Siddi wa Karnataka nchini India, wenye asili ya Afrika, wana njia iliyo kinyume na hii. Katika mifarishi yao iitwayo kawandi, mgongo ni sari ya pamba iliyotandazwa, na mabaki hushonwa kwa mkono juu yake kuanzia kona, kuzunguka kingo hadi katikati. Kwao mgongo ndio msingi, na vipande vidogo vyote hukaa usoni.

Kuunganisha mgongo mzima

Kosa kubwa hutokea hapa: kushona paneli kwenye kitenge bila kupima, kisha kukata kinachozidi. Upande mmoja hula mwingi kuliko mwingine, na mgongo ukitandazwa unakuwa na mawimbi. Pima urefu wa paneli mahali patatu, pembeni kushoto, katikati na pembeni kulia. Vipimo vikitofautiana, chukua wastani, na vipande vya kitenge uvikate kwa wastani huo. Bana pini katikati kwanza, kisha ncha mbili, kisha robo, ndipo ushone.

Paneli isikae katikati kabisa. Ikikaa katikati, jicho litadai ilingane na uso, na haitalingana. Tena mfarishi hukunjwa katikati kila siku, na mshono ulio kwenye mkunjo hulika mapema. Wala isisogee pembeni mno: kipande chembamba kilicho chini ya sm 25 kutoka ukingoni kitakatwa kwa upogo wakati wa kumalizia, na kila mtu atauona upogo huo. Ndiyo maana tumegawa 72 na 40.

Ukimaliza, pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili. Kwa sm 220 kwa 230 kila kipimo kiwe karibu 318. Tofauti ya sentimita moja ivumilie. Tofauti ya nne ina maana kuna mshono uliokwenda kombo, na ni rahisi kuufumua sasa kuliko baadaye.

Kuutandika

Kama uso una nyeupe nyingi, tandaza mgongo, tabaka la katikati na uso karibu na dirisha uone kama vipande vyeusi vinaonekana kwa kivuli. Blanketi jepesi jeupe katikati huzuia tatizo hili; pamba nyembamba haizuii.

Mgongo ulazwe sakafuni, upande mbaya juu, na kingo zibandikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Ukazwe mpaka usiwe na mkunjo, lakini usivutwe. Ukivutwa, utarudi ulipokuwa baada ya kuachiwa, na uso utajaa vifinyo. Weka matabaka mengine, kisha piga bandi, yaani mshono wa muda, kwa nyuzi ndefu kutoka katikati kwenda nje, kila mstari ukiachana na mwenziwe kwa nafasi ya kiganja. Kushona kwenyewe pia kuanzie katikati, na kila baada ya mistari michache pitisha mkono chini kupapasa mgongo. Mkunjo ulioshonwa hausikiki kwa cherehani, ila kidole huuona.

Baada ya kushona, uso na tabaka la katikati vikatwe sawasawa, na mgongo uachwe ukizidi sm 2.5. Kunja nusu ya ziada hiyo ifike ukingo wa uso, kunja tena iupande uso, shona, nawe umepata pindo bila kununua utepe. Hapo ndipo mikanda ya vipande vikubwa inapolipa: kila mshono unaofika ukingoni huongeza matabaka kwenye pindo, na mishono mitano kwenye sm 112 hufanya pindo la mabonge. Ikiwa tayari iko hivyo, kata mgongo usawa na uso, na uzungushie mkanda wa kitenge wa sm 6 badala yake.