Injini Inapocheleweshwa na Wakala Wakati Gari Lina Waranti: Namna ya Kufuatilia

Pikapu yangu ya milango minne, niliyoinunua mpya kutoka kwa wakala mmoja hapa Mombasa, ilinoki, yaani injini yake iliharibika, njiani nikitoka Voi, ikiwa na kilomita 61,000 na waranti yake ikiwa na mwaka mzima mbele. Ilikokotwa hadi karakana ya wakala, mafundi wakaifungua, na baada ya siku nne nikaambiwa kwamba injini itabadilishwa yote bila ya mimi kulipa chochote. Nilishukuru, nikaondoka. Kila wiki nilipopiga simu, karani wa mapokezi alinijibu kwa adabu, "Bwana, injini iko baharini, vuta subira." Wiki ya sita nilikwenda mwenyewe kuomba namba ya agizo, na hapo ndipo ilipobainika kwamba hakuna agizo lolote lililokuwa limewekwa. Ombi la idhini lilikuwa limerudishwa na ofisi ya mtengenezaji kwa sababu ya picha mbili za beringi zilizokosekana, na picha hizo hazikuwa zimepigwa na mtu yeyote wa karakana. Wiki sita zilipotea kwa kazi ya dakika kumi.

Naandika haya kwa mwenye gari aliye katika hali hiyo leo, hasa aliye Kenya, kwa kuwa sheria na ofisi nitakazozitaja ni za huku. Jambo la kushika kabla ya mengine ni kwamba ucheleweshaji huwa na mahali pake. Kazi ya kubadilisha injini kwa waranti hupita katika mikono ya watu wasiopungua watatu: wakala aliyekuuzia gari, msambazaji anayeiwakilisha chapa hiyo nchini ikiwa si yeye wakala mwenyewe, na mtengenezaji aliye ng'ambo ambaye ndiye hatimaye anayelipa gharama. Gari linapokaa miezi, huwa limekwama kwenye meza moja mahususi kati ya hizo, na mtu wa mapokezi mara nyingi hajui ni meza ipi. Ukijua, unaweza kuisukuma. Usipojua, utaishia kupiga simu na kupewa maneno mazuri.

Hatua zenyewe hufuatana hivi. Kwanza fundi hupima hitilafu, akasoma kumbukumbu za kompyuta ya injini na kufungua karta (bakuli la oili chini ya injini) au kichwa cha silinda ili kuona palipoharibika. Kisha wakala humtumia mtengenezaji ombi lenye picha, namba ya chesesi, kilomita, kumbukumbu za sevisi na maelezo ya chanzo cha hitilafu, na mtengenezaji huidhinisha, hukataa au huuliza maswali zaidi. Baada ya idhini ndipo injini huagizwa, nayo huenda ikaja nzima ikiwa imekamilika, au ikaja sehemu ya chini tu yenye silinda, pistoni na krenki, ambapo turbo, nozeli na vifaa vingine vya gari lako vitahamishiwa humo. Hufuata safari ya meli au ndege, forodha, na mwisho kazi ya kufunga, ambayo kwa karakana yenye mafundi wa kutosha ni ya siku chache. Kwa hiyo usiulize "gari litakuwa tayari lini?", kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa kubahatisha. Uliza: ombi la idhini lilipelekwa tarehe gani? Lilijibiwa tarehe gani, na jibu lilisemaje? Namba ya agizo ni ipi? Ni injini nzima au ni sehemu ya chini? Inakuja kwa meli au kwa ndege, na hati ya shehena imekwishatolewa? Anayesema injini iko baharini anapaswa kuweza kutaja meli. Na ikiwa agizo ni la meli ilhali gari lako ndilo linalokulisha, omba kwa maandishi liletwe kwa ndege. Wakala au msambazaji anaweza kukubali kubeba tofauti ya gharama anapoona kuwa malalamiko yanaandaliwa.

Kuna karatasi moja ambayo watu wengi huitia saini bila kuisoma, nayo ni ruhusa ya kufungua injini. Kwa kawaida husema kwamba iwapo hitilafu itaonekana haimo katika waranti, mwenye gari atalipa gharama ya kufungua na kufunga. Sharti hilo si la ajabu, lakini liandikiwe kiwango: omba makadirio ya gharama hiyo kabla ya kutia saini, na uongeze kwa mkono wako kwamba unataka kuonyeshwa sehemu zilizoharibika kabla ya uamuzi wowote kufanywa, na kwamba zisitupwe. Nilipoonyeshwa beringi za injini yangu, zilikuwa zimechubuka hadi rangi ya shaba imejitokeza, na chembe zake zilimetameta ndani ya oili iliyobaki kwenye karta. Nilizipiga picha kwa simu, kila moja ikiwa juu ya kipande cha karatasi chenye namba ya usajili ya gari na tarehe. Baadaye ni picha zangu zilizotumwa kukamilisha lile ombi lililokwama.

Kumbukumbu za sevisi ndizo ngao yako kubwa. Mtengenezaji anayetafuta sababu ya kukataa huanza hapo: je, oili ilibadilishwa kwa kilomita zilizopangwa, na ilikuwa ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari? Kama sevisi zote zilifanywa kwa wakala, omba nakala ya orodha yake mapema. Kama baadhi zilifanywa kwa fundi wa mtaani, kusanya risiti za oili na filta pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa siku hiyo, ambao una tarehe, saa na kiasi, na hauwezi kusahaulika kama neno la mdomo.

Mazungumzo ya simu nayo yapewe umbo la maandishi. Kila baada ya simu, tuma barua pepe fupi siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umenieleza kwamba idhini ilitolewa tarehe 3 na kwamba agizo litawekwa kesho. Ikiwa sikukuelewa vizuri, tafadhali nisahihishe." Asiyekusahihisha amekubali, au angalau atapata taabu kukana baadaye. Chagua siku moja ya wiki ya kuuliza, ushikamane nayo. Anayepiga simu mara tatu kwa siku huonekana msumbufu, na anayenyamaza mwezi mzima husahauliwa. Mwenye kuandika kila Jumanne asubuhi, kwa heshima na kwa maswali yale yale yenye tarehe, hujibiwa. Wala msiwagombeze mafundi. Fundi hana uwezo wa kuidhinisha chochote, na siku ya kufunga injini utamhitaji akiwa na moyo wa kazi.

Usilisahau gari lenyewe wakati unafuatilia karatasi. Nenda ulione. Nilipofika ua wa karakana, nilikuta langu limeegeshwa karibu na ukuta, boneti ikiwa nusu wazi, vumbi limeganda juu ya viti kwa sababu dirisha moja liliachwa chini, na boliti za injini zimetiwa ndani ya kopo la rangi lisilo na jina lolote. Betri ilikuwa imekufa. Omba boliti na vifaa vilivyotolewa vihifadhiwe katika mifuko yenye namba ya gari lako, mabomba yote yaliyo wazi yazibwe, waya zilizoning'inia zifungwe mbali na panya, nyaya za betri ziondolewe na boneti ifungwe. Piga picha za dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, magurudumu, spea, jeki na redio, kisha mwombe msimamizi atie saini orodha yake. Si kumshuku mtu. Gari likikaa miezi mitatu uani, watu wengi hupita karibu yake.

Sasa kuhusu hasara unayoipata. Waranti nyingi husema wazi kwamba hazilipi usafiri wala mapato yaliyopotea, na wakala atakusomea kifungu hicho. Hata hivyo omba mambo matatu, na uyaombe mapema: gari la badala kwa muda wote, au sehemu ya gharama ya kukodi, kuongezwa kwa waranti kwa idadi ya siku ambazo gari limekaa karakana, na sevisi ya kwanza ya injini mpya bila malipo. Gari la badala hutolewa kwa hiari, na mara nyingi hupewa aliyeomba. Hilo la pili watu hulisahau, nalo nadhani ni la haki kabisa, kwa kuwa waranti inayohesabika huku gari likiwa limeinuliwa kwenye jeki ya wakala haimkingi mwenye gari kwa lolote. Uliza pia waranti ya injini mpya inaisha pamoja na ya gari au ina muda wake. Ikiwa gari ni la mkopo, iarifu benki, lakini endelea kulipa. Mkataba wa mkopo hausimami kwa sababu injini imesimama.

Msimamizi wa karakana asipokupa tarehe ndani ya wiki mbili, panda ngazi: meneja wa huduma, kisha mkurugenzi, kisha msambazaji na ofisi ya mtengenezaji inayohudumia kanda hii. Mtengenezaji huwa hajui kwamba mteja anateseka, kwa maana anachokiona ni namba ya ombi tu. Barua yangu, iliyopata jibu siku ya tatu, ilikuwa na maneno yafuatayo, ambayo unaweza kuyageuza yafae hali yako:

"Gari langu, namba ya chesesi iliyo hapo juu, limekuwa katika karakana yenu tangu tarehe iliyotajwa kwa hitilafu ya injini ambayo mmekubali kuwa imo katika waranti. Hadi leo ni siku 44. Naomba mnijulishe kwa maandishi, ndani ya siku saba, tarehe ya idhini, namba ya agizo, njia ya usafirishaji na tarehe ya kukamilika kazi. Naomba pia gari la badala na kuongezewa waranti kwa siku zilizopotea. Nisipopata jibu, nitawasilisha malalamiko kwa mamlaka husika na kudai gharama zangu, ambazo risiti zake nimeziambatanisha."

Mamlaka hayo si maneno matupu. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Kwa madai ya fedha kama kukodi gari, kukokotwa na nauli, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Dai la thamani ya gari zima litavuka kiwango hicho, na hapo mtafute wakili. Wengine husoma juu ya sheria za majimbo ya Marekani zinazomlazimu mtengenezaji kulinunua tena gari bovu, wakamtajia wakala wa Mombasa. Sheria hizo hazifiki huku, na kuzitaja hukupunguzia uzito.

Injini ikishafungwa, usilichukue gari jioni wakati karakana inafungwa. Nenda asubuhi, ukute injini imepoa, uiwashe mwenyewe na kusikiliza sekunde chache za mwanzo kabla oili haijapanda. Angalia chini kama kuna tone, angalia taa ya injini kwenye dashibodi, kisha toka na fundi hadi mahali penye mlima. Mimi nilikwenda naye hadi Mazeras, ambako barabara inapanda na injini inafanya kazi kwelikweli. Mkirudi, acheni ipoe, mkapime maji na oili tena. Uliza namna ya kuiendesha katika kilomita za mwanzo na oili ya kwanza ibadilishwe lini, na uyapate majibu hayo kwenye karatasi ya kazi, pamoja na orodha ya vilivyobadilishwa na vilivyohamishwa kutoka injini ya zamani.

Limebaki jambo la namba. Injini mpya huja na namba yake, na logibuku yako bado ina namba ya ile ya zamani. Mabadiliko hayo yapaswa kupelekwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na kwa gari la mkopo benki itahusika kwa kuwa jina lake limo katika umiliki. Mwambie wakala akupe barua rasmi yenye namba zote mbili, ya zamani na ya mpya, sababu ya kubadilisha na hati za forodha za injini hiyo, kabla hujaondoka uani. Ukirudi kuiomba mwaka ujao, unapotaka kuuza, huenda waliokuhudumia wasiwepo tena. Ipeleke nakala kwa kampuni ya bima pia. Kisha chukua tochi, inama chini ya boneti pamoja na msimamizi, mfute vumbi kwenye bloku, na msome namba iliyochongwa pale, tarakimu kwa tarakimu, mkiilinganisha na ile iliyoandikwa kwenye barua.