Stendapu ya dakika 15: mfuate kadi, msimripotie bosi

Timu nyingi za mifumo ya kompyuta hapa Dodoma zina stendapu, yaani kikao kifupi cha kusimama, kila asubuhi ila ukisikiliza unakuta watu wanamripotia bosi mmoja mmoja, ndo maana wanaichoka. Kikao hiki ni cha wanaofanya kazi wenyewe, wapange siku yao kuelekea lengo la sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi ambacho timu imejipangia. Fanyeni hivi.

Hatua ya 1. Saa ileile, sehemu ileile, kila siku. Kama ofisi iko Mtumba na wengine wanatokea Kisasa wengine Area D, wekeni saa tatu kamili watu washatulia. Ikifika mnaanza, hata fulani asipokuwepo.

Hatua ya 2. Simameni mbele ya ubao wenye kadi, kila kadi ni kazi moja. Safu tatu zinatosha: bado, inafanyika, imeisha.

Hatua ya 3. Hapa ndo penyewe jamani. Msizunguke mtu kwa mtu, jana ulifanya nini, leo unafanya nini, umekwama wapi. Hayo maswali matatu hayajakatazwa, ila Mwongozo wa Scrum (utaratibu wa timu kufanya kazi kwa sprinti) ulipotolewa upya 2020 yaliondolewa, timu ichague njia yake. Mimi nashauri mfuate kadi, mkianza na iliyo karibu kuisha. Tuseme mnatengeneza mfumo wa chama cha wakulima wa zabibu, na kadi ya risiti kwa SMS imebaki kujaribiwa tu, basi ulizeni hiyo kwanza, inataka nini iishe leo? Utashangaa divelopa aliyekuwa anataka kufungua kadi mpya anasema ngoja nimsaidie anayejaribu, yaani kazi inaisha badala ya kurundikana katikati. Kadi isiyosogea siku ya tatu sasa msiipite kimya, pengine ni kubwa mno, igaweni.

Hatua ya 4. Mtu akisema amekwama msianze kutatua palepale, dakika zote zinaishia hapo, wawili wanabishana kuhusu databesi wengine wamesimama tu. Andikeni, mtaje nani wanabaki baada ya kikao.

Hatua ya 5. Mwendeshaji abadilike kila siku, hata kijana wa field, anayejifunza kazi, aendeshe. Shida ni heshima, mdogo atamkatishaje mkubwa? Kubalianeni mapema neno moja, sisi tunasema "tulibakishe", na bosi mwenyewe alikubali mbele ya wote. Kwahiyo kijana akisema "Mzee, hilo tulibakishe" hakuna anayenuna, mnaenda kadi inayofuata.