Kupachika picha ndani ya programu ya C

Programu ikibeba picha zake ndani, mtumiaji hupokea faili moja tu. Tuchukue `nembo.png` kwenye Linux.

Hatua ya 1. Ingia kwenye folda yenye picha, kisha andika amri hii ya xxd, zana inayogeuza faili kuwa kodi ya C:

`xxd -i nembo.png > nembo.c`

Ukiita `picha/nembo.png` ukiwa nje ya folda, data itaitwa `picha_nembo_png`, si `nembo_png`, na linka (inayounganisha vipande vya programu) haitaipata.

Hatua ya 2. Fungua `nembo.c`, weka `const` (yaani thamani isiyobadilika) mbele ya data na mbele ya urefu wake. xxd haiiweki, na wengi huipuuza kwa sababu kwenye kompyuta haileti tofauti ya kuonekana. Kwenye bodi ndogo inaleta: bila hiyo, baiti zote hunakiliwa kwenye RAM. Arduino Uno R3 ina RAM ya KB 2 na flashi (memori ya kuhifadhi programu) ya KB 32. Huko hata `const` peke yake haitoshi, tumia `PROGMEM`, inayoiacha data kwenye flashi, na usome kwa `pgm_read_byte`.

Hatua ya 3. Kwenye `nembo.h` weka matangazo tu:

```
extern const unsigned char nembo_png[];
extern const unsigned int nembo_png_len;
```

Data yenyewe ikikaa humo, na heda hiyo (`nembo.h`) ikaitwa na mafaili mawili, utapata kosa la `multiple definition`.

Hatua ya 4. Kompaili pamoja na `kuu.c`, yaani programu yako inayoita `nembo.h`: `gcc kuu.c nembo.c -o programu`

Urefu uchukue kwenye `nembo_png_len`. Usitumie `strlen`, ambayo huhesabu hadi baiti ya kwanza ya sifuri: PNG huanza na baiti 8 za utambulisho, ya 9 ni sifuri, kwa hiyo utajibiwa 8 hata picha iwe kubwa namna gani. `sizeof` nayo itakataliwa nje ya `nembo.c`, kwani huko ukubwa haujulikani.

Kwa sauti au video njia hii inachosha. Kila baiti huandikwa kwa herufi kama sita, hivyo MB 1 huwa takriban MB 6 za kodi, na kompaila hutumia muda na memori nyingi kuzisoma. Ukiwa na GCC 15 au Clang 19, achana na xxd, ongeza `-std=c23` kwenye amri ya kompaila na uandike hivi kwenye `nembo.c`:

```
const unsigned char nembo_png[] = {
#embed "nembo.png"
};
const unsigned int nembo_png_len = sizeof nembo_png;
```

Kuhakiki, iandike data kwa `fwrite` kwenye `jaribio.png`, kisha `cmp nembo.png jaribio.png`. Isipochapisha chochote, baiti ni zilezile.