Somo: Kupima msaada wa kijamii kama anavyouona mwenyewe mtu anayeishi na VVU

Kila msimu wa tafiti za wanafunzi unapofika, swali hurudi lilelile: "Nimepata dodoso, nianzie wapi?" Ninaomba somo hili lisomwe lote kabla ya kuuliza tena, kwa sababu majibu tunayokusanya hutoka kwa watu wanaotukabidhi siri yao.

Hatua ya 1. Amua unachopima. Msaada ambao mtu alipokea mwezi uliopita ni jambo moja. Imani yake kwamba akikwama atapata wa kumshika mkono ni jambo jingine, na ndilo tunalolizungumzia hapa.

Hatua ya 2. Chagua kipimo. Kinachotumika sana ni cha mtafiti Zimet na wenzake cha mwaka 1988, chenye kauli 12: nne kuhusu familia, nne kuhusu marafiki, na nne kuhusu mtu wa pekee aliye karibu na mshiriki. Kila kauli hujibiwa kwa ngazi ya 1 (nakataa kabisa) hadi 7 (nakubali kabisa). Kile cha Sherbourne na Stewart cha mwaka 1991 kinafaa zaidi ukitaka kujua msaada wa vitendo, kama vile kuwa na mtu wa kukupikia unapougua.

Hatua ya 3. Tafsiri kauli, mpe mtu asiyeiona asili airudishe tafsiri hiyo katika lugha ya awali ili ulinganishe, kisha, ukishapata kibali cha hatua ya 4, waulize watu wachache walivyoielewa kila kauli.

Hatua ya 4. Pata kibali cha maadili, na kwa Kenya pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Hatua ya 5. Hoji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, hata pale ambapo hesabu zake ni safi. Mtu akiulizwa kama familia yake humsaidia, huku shemeji yake ameketi chumba cha pili, atasema inamsaidia. Na akiulizwa na mhudumu yuleyule anayempa dawa, atajibu kwa namna ya kumridhisha. Kwa hiyo mhojaji asiwe mtoa huduma wake, na mahali pawe pale ambapo mshiriki mwenyewe amehakikisha hakuna anayesikia. Jihadharini na nakala ya fomu ya ridhaa anayokwenda nayo nyumbani: kichwa chake kikitaja VVU, mtafiti ameitangaza hali ya mtu bila kufungua mdomo. Msiache ujumbe kwa yeyote anayepokea simu yake. Zaidi ya yote, ulizeni kando ni nani anayejua hali yake, kwa sababu kipimo chenyewe hakiulizi. Kuweni pia na mahali pa kumpeleka iwapo atasimulia ukatili au mawazo ya kujidhuru.

Hatua ya 6. Kokotoa wastani wa kila sehemu (familia, marafiki, mtu wa pekee) kabla ya jumla. Kwa mgawanyo wa Zimet, 1 hadi 2.9 ni msaada mdogo, 3 hadi 5 ni wa kati, na 5.1 hadi 7 ni mkubwa.

Maswali ya wanachama

*Swali:* Mwalimu, naomba nitumiwe dodoso la Kiswahili lililokamilika. Nawasilisha Ijumaa.

*Jibu:* Soma hatua ya 3 na ya 4. Bila kibali huruhusiwi kumhoji mtu hata mmoja.

*Swali:* Mshiriki wangu ana jumla ya 60 kati ya 84. Je, niandike kwamba ana msaada wa kutosha?

*Jibu:* Hatua ya 6 imesema uanze na sehemu. Jumla hiyo inaweza kutokana na 26 za marafiki, 26 za mtu wa karibu na 8 za familia, yaani wastani wa 2 nyumbani anakolala. Ukiandika "wa kutosha" umeuficha upungufu huo.

*Swali:* Shikamoo, mwalimu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo. Inakuwaje mtu ambaye hajamwambia yeyote nyumbani apate alama za juu za familia?

*Jibu:* Marahaba, dada yangu. Hili ndilo swali nililolisubiri. Hadanganyi. Anajibu kuhusu familia inayompenda ikiwa haijui, na huenda anaficha dawa zake ili upendo huo usiondoke. Alama zake ni za kweli kwa maisha kwa jumla, ila hazitwambii ni nani atakayemkumbusha kumeza dawa. Ongeza maswali machache ya kando: nani anajua, nani anaweza kumchukulia dawa, na ni nani ambaye mshiriki mwenyewe angemweleza akiacha kuzimeza. Kisha chambua wale ambao hali yao inajulikana nyumbani na wale ambao haijulikani kwa makundi tofauti.

*Swali:* Wazee wetu wanachanganyikiwa na ngazi saba. Nizipunguze ziwe tatu?

*Jibu:* Usizipunguze, maana alama zako hazitalinganishika na za wengine. Uliza mara mbili: kwanza kama anakubali, anakataa au yuko katikati, kisha, kwa anayekubali au kukataa, ni kidogo, kwa kiasi au kabisa. Utapata ngazi zote saba bila kumpa karatasi. Kwa kuwa kauli zote 12 zimeelekezwa upande mmoja, akijibu "nakubali kabisa" mfululizo, mwombe akupe mfano mmoja, na uuandike pembeni mwa dodoso.